Jinsi ninavyotazama mpira bila kuwa shabiki sugu

Mimi si wa kulala na kuamka na mpira. Timu ninayo, lakini bei za wachezaji sizijui na sibishani na mtu kwenye matatu. Ninachotaka ni kuingia kibanda cha mpira mtaani, au kupanda jukwaani uwanja wa Nyayo, Nairobi, dakika 90 ziishe nikijua kilichotokea na kwa nini. Njia iliyonifaa ni moja: kuacha kuufuata mpira kwa macho muda wote. Mpira hauwezi kukupotea, maana ukitazama kando kelele za watu zitakurudisha. Wanaopotea ni wachezaji 21 wasio nao, na hao ndio wanaoamua pasi itakwenda wapi.

Kabla ya yote, saa. Uingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuzisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Sisi hatubadilishi kitu. Kwa hiyo mechi ya Jumamosi inayoanza saa tisa alasiri kwao, Nairobi ni saa kumi na moja jioni kuanzia Aprili hadi Oktoba, na saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi yao. Mechi za usiku za Ligi ya Mabingwa Ulaya zinazoanza saa nne mwezi Septemba huwa saa tano ifikapo Novemba, na zikiisha ni karibu saa saba usiku. Ukizitazama mbali na nyumbani, panga usafiri mapema.

Vikosi hutangazwa kama saa moja hivi kabla ya mechi. Nikiona 4-2-3-1 nasoma kutoka nyuma kwenda mbele: mabeki wanne, viungo wawili wa kukaba, watatu mbele yao, straika mmoja. Kipa hahesabiwi, na jumla lazima iwe kumi. Hapo natafuta jambo moja tu, mabeki wa kati ni wawili au watatu. Wakiwa watatu, wale wa pembeni wanaruhusiwa kupanda hadi kwenye kona ya wapinzani, na nyuma yao hubaki nafasi kubwa ambayo winga mwenye mbio ataipenda. Mengine ya karatasini siyaamini sana, kwa sababu kila timu ina sura mbili, moja ikiwa na mpira na nyingine ikiwa haina.

Sura hizo huzihesabu mwenyewe ndani ya dakika kumi za kwanza. Wakati mzuri ni kipa anapopiga mpira wa goli, maana watu wote wamesimama mahali pao. Nahesabu mstari wa nyuma wa timu isiyo na mpira, nne au tano, kisha mstari ulio mbele yake. Halafu nawatazama wenye mpira: beki wa kushoto amebaki pembeni au ameingia katikati kama kiungo? Timu nyingi siku hizi huanza na mabeki wanne, zikipata mpira zinabaki na watatu nyuma. Ukishaliona hilo, hutashangaa kwa nini winga wa wapinzani yuko peke yake kila mpira unapoporwa.

Baada ya hapo namchagua mchezaji mmoja na kumkodolea macho kwa dakika tano nzima. Karibu kila mara ni kiungo mkabaji, yule anayekaa mbele ya mabeki wa kati. Tazama shingo yake. Kabla mpira haujamfikia hugeuka kutazama nyuma ya bega, mara moja, pengine mara mbili. Akishajua nyuma hakuna mtu, hujigeuza ubavu na kuupokea kwa mguu wa mbali, ule ulio upande wa lango anakoshambulia. Gusa moja, tayari ameelekea mbele. Akiupokea kwa mguu wa karibu huku mgongo wake ukiwa kwa wapinzani, hana njia ila kurudisha, na hapo kibanda kizima humtukana.

Matusi hayo mara nyingi si haki. Kumrudishia kipa ni mtego: wapinzani wakikimbia mbele kumshinikiza, huacha nafasi nyuma yao, na pasi moja ndefu inawaruka wote. Kwa nini makipa wa leo wanajua kutumia miguu? Tangu 1992 kipa haruhusiwi kudaka mpira ambao mwenzake amemrudishia makusudi kwa mguu. Kwa kichwa au kifua anaruhusiwa. Na tangu msimu wa 2025/26 akiung'ang'ania mikononi zaidi ya sekunde 8, wapinzani hupewa kona. Refa huinua mkono na kuhesabu sekunde tano za mwisho kwa vidole, kwa hiyo utaona mwenyewe.

Kuotea ndiko kunakoleta ubishi mwingi, na ubishi wenyewe huwa wa kitu kimoja: watu hutazama alipo straika anapoupokea mpira. Sheria inatazama alipo mwenzake anapoupiga. Wakati huo, mshambuliaji akiwa nusu ya wapinzani, na sehemu yoyote ya kichwa, kiwiliwili au miguu yake ikiwa karibu zaidi na mstari wa goli kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho, yuko mahali pa kuotea. Mikono haihesabiwi. Akiwa sawa na beki, hajaotea. Aliye nyuma ya mpira hawezi kuotea hata mabeki wote wakiwa wamepitwa, ndiyo maana pasi ya kurudisha nyuma karibu na goli haina shida. Na mpira wa goli, wa kurusha na wa kona hauna kuotea kabisa.

Lile neno "wa pili kutoka mwisho" lina kazi. Kwa kawaida wa mwisho ni kipa, kwa hiyo tunatazama beki. Lakini kipa akitoka kufuata kona na kubaki mbele huko, beki mmoja akiwa peke yake kwenye mstari wa goli, straika aliyesimama kati ya kipa na beki huyo ameotea akipigiwa mpira na mwenzake aliye nyuma yake. Kibandani utasikia "lakini kuna beki pale!" Beki yupo, ila hapo wanahitajika wawili. Tena kusimama mahali pa kuotea si kosa peke yake. Ni kosa akiucheza mpira, akimziba kipa asione, au akimzuia mpinzani.

Mbinu yangu ya kuiona moja kwa moja ni hii. Mpiga pasi ndefu karibu kila mara huinamisha kichwa kuutazama mpira kabla ya kuupiga. Kichwa kikishuka, namwacha na kuhamishia macho kwa beki wa mwisho, ili mguu ugongapo mpira niwe tayari nautazama mstari. Kwenye runinga kamera kuu iko usawa wa katikati ya uwanja, hivyo tukio la karibu na goli unaliona kwa mshazari na straika anaweza kuonekana ametangulia hali wako sawa. Fuata michirizi ya nyasi iliyokatwa. Ndiyo rula yako. Usiamini jicho lako kwa tofauti ya nusu hatua.

Kibendera nacho kinachanganya. Mechi zenye VAR (marefa wanaokagua kwa video), mshika kibendera akiwa na shaka huacha shambulio liishe ndipo ainue, kwa hiyo bao linafungwa, watu wanakumbatiana, kisha linakataliwa. Mechi isiyo na VAR ni tofauti. Kibendera hupanda hapo hapo. VAR yenyewe haiingilii kila kitu. Hukagua hasa bao, penalti, kadi nyekundu, na mtu aliyeadhibiwa kwa kosa la mwingine. Mpira wa kurusha uliopewa timu isiyostahili ni wa kulalamikia tu. Ukiona refa amepuliza na mkono wake umebaki juu, adhabu hiyo haifungwi moja kwa moja, lazima mchezaji mwingine auguse kwanza. Mikono miwili ikinyooshwa mbele, ameona kosa lakini anaacha mchezo uendelee kwa faida ya aliyechezewa vibaya.

Uwanjani ni kuzuri kuliko runinga kwa jambo moja kubwa: unaiona timu nzima kwa wakati mmoja. Nyayo na Kasarani zote zina njia ya kukimbilia kuzunguka nyasi, kwa hiyo kukaa safu ya mbele hakukusogezi kwa mchezo, kunakuondolea tu urefu. Mimi hupanda juu, usawa wa mstari wa eneo la hatari kuliko katikati kabisa. Hapo mstari wa mabeki unauona vizuri angalau upande mmoja kila kipindi. Mechi za hapa mara nyingi huanza saa tisa alasiri, na ukikaa upande wa mashariki jua litakuwa machoni kipindi cha pili chote. Siku ya Gor Mahia na AFC Leopards angalia pia rangi ya shati lako: kijani kaa na K'Ogalo (Gor Mahia), buluu na nyeupe kaa na Ingwe (Leopards).

Kama unataka mechi ya kujifunzia, tafuta Kenya dhidi ya Morocco, Kasarani, tarehe 10 Agosti 2025, kwenye CHAN. (Hayo ni mashindano ya wanaocheza ligi za nchini mwao pekee.) Ryan Ogam alifunga dakika ya 42, Kenya ikapata kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na kipindi cha pili kizima ikacheza watu kumi na kushinda 1-0. Timu iliyopungukiwa hivyo kwa kawaida hujipanga 4-4-1. Usitazame Morocco inafanya nini na mpira. Tazama umbali kati ya mistari miwili ya Kenya. Ikibaki hatua chache, pasi za Morocco zinakwenda pembeni na kuishia krosi ambazo beki anazingoja. Mistari ikiachana, kiungo wa wapinzani anapata mahali pa kugeukia, na hapo ndipo wasiwasi unapostahili.

Takwimu za pembeni mwa skrini natumia chache. Umiliki wa mpira wa asilimia 65 haunielezi kitu mpaka nijue ulikuwa wapi. Timu inayoongoza mara nyingi huuachia kwa hiari. Mabao yanayotarajiwa yana maana zaidi, kwani kila shuti hupewa thamani kulingana na nafasi yenyewe. Penalti ni karibu 0.8, shuti la mbali huwa chini ya 0.1. Timu iliyopiga mashuti 15 ya mbali inaweza kuwa imetengeneza kidogo kuliko iliyopiga matatu mbele ya goli. Mkeka sichezi kwenye mechi ninayotaka kuielewa. Ukiweka pesa kwamba kutakuwa na mabao matatu, macho yako yataganda kwenye ubao wa matokeo, na kila pasi salama itakuudhi.

Simu nayo: picha ya intaneti huchelewa nyuma ya dishi, pengine nusu dakika. Ukitazamia simu nyumbani huku jirani ana dishi, bao utalisikia kabla hujaliona, kwa hiyo vaa visikizi au nenda kwa jirani.

Dakika zinazoonyeshwa kwenye ubao mwisho wa kipindi ni kiwango cha chini. Refa anaweza kuongeza, hawezi kupunguza. Usizichanganye na zile 30 za ziada za mechi za mtoano. Na msimu ukikaribia kuisha, kabla ya kupiga hesabu za pointi angalia ligi gani. Uingereza timu zikilingana pointi hutenganishwa kwa tofauti ya mabao, kisha mabao ya kufunga. Uhispania huanza na matokeo ya timu hizo zilipokutana zenyewe, hivyo mabao sita dhidi ya timu ya mkiani huenda yasisaidie lolote.