Nilivyompimia Hajji waya za spika kabla hajatoa pesa

Hapa Bombo, Uganda, simjui mtu mwenye santuri nyingi kumzidi Hajji. Rumba ya Kongo, taarabu ya Mombasa, vyote anavyo, vimepangwa kwenye kabati la kioo. Mimi kazi yangu ni kufunga muziki kwenye harusi na maulidi, kwa hiyo spika yake ikikohoa tu naitwa mimi. Safari hii aliniita kwa jambo jingine. Mwanawe aliye Dubai alikuwa amemtumia picha ya waya za spika zenye bei ya pikipiki mpya, na muuzaji ameapa kwamba zinafungua sauti.

"Wewe ni fundi, mwanangu. Nitoe au nisitoe?"

Mzee kama yule humwambii moja kwa moja kwamba anataka kuibiwa mchana. Kwanza si adabu, pili asingeamini. Nikamwomba tupime, aamue kwa masikio yake mwenyewe. Bahati nzuri rafiki yake wa Kampala alikuwa nazo za daraja hilohilo, akakubali kutuazima, mradi naye awepo.

Upande wangu nilihitaji waya wa shaba wa kawaida, na hapo ndipo penye mtego wa kweli. Duka la kwanza walinipa rola lililoandikwa shaba tupu. Nilipolinyanyua likawa jepesi mno. Nikamenya ncha, nikakwangua uzi mmoja kwa wembe: juu wekundu, ndani weupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba. Nikauwekea moto wa kiberiti cha gesi, ukalegea na kukatika, wakati uzi mwembamba wa shaba huwaka mwekundu ukabaki umesimama. Waya wa namna hiyo hupitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba ya unene uleule, na nyuzi zake hukatika ukizikunja mara kwa mara. Nikamrudishia mwenye duka, nikanunua kwingine, waya laini wa nyuzi nyingi, wa milimita za mraba 2.5.

Kwa nini 2.5? Waya wa spika una kazi moja tu: kufikisha umeme wa amplifaya bila kuupunguza njiani. Shaba ya unene huo ina ukinzani, yaani kile kiasi inachouzuia umeme, wa kama ohmu 0.007 kwa mita. Sebuleni kwa Hajji ni mita tano hadi kwenye spika, kwenda na kurudi kumi, jumla ohmu 0.07, na spika zake ni za ohmu 8. Kinachopotea hapo hakuna sikio la kukisikia. Ukiweka kile kiwaya chembamba cha 0.5 unafika karibu ohmu 0.35, na kwa spika za ohmu 4 hilo linaanza kuwa neno. Madini ya fedha yanayosifiwa sana kwenye matangazo hupitisha umeme kuzidi shaba kwa kama asilimia 6. Asilimia 6 hizo unazipata kwa kuongeza unene wa shaba kidogo.

Siku ya kupima tulianza wazi, kila mtu anaona waya gani umefungwa. Waya za bei zilipoingia Hajji alifumba macho akatikisa kichwa. "Sikia gitaa hilo, limetoka mbele!" Rafiki yake akaafiki. Sikubisha.

Kisha nikatundika leso nyuma ya kabati, wasikilize bila kuona waya na wakisie upi umefungwa. Nikapima volti kwenye spika kwa mita yangu nikipiga mlio mmoja wa chini, nikahakikisha volti za waya wa bei na za waya wangu zinalingana, maana sikio likipewa sauti iliyozidi kidogo tu hudai ndiyo safi zaidi. Mjukuu wa Hajji akapewa sarafu ya mia tano: ikiangukia korongo afunge waya wa bei, ikiangukia ngao afunge wangu, aandike kwenye daftari, asiseme kitu. Amplifaya inazimwa kila mara kabla ya kugusa waya. Mimi nikatoka barazani, uso wangu usije ukatoa siri. Nilikuwa nimewaeleza mapema kwamba kwa kubahatisha tu, mtu kupatia 9 au zaidi kati ya 10 hutokea kama mara moja katika mia. Akifika hapo, mimi nitakuwa wa kwanza kumwambia anunue.

Daftari lilipofunguliwa, kupatia na kukosa kulikuwa karibu sawa. Kwa wote wawili.

"Huyu mtoto ananichanganya," Hajji akasema, na tukacheka mpaka bibi akaja kuuliza kuna nini.

Nikawaeleza kwamba hawako peke yao. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe wa Marekani, aliahidi dola milioni moja kwa atakayeweza kutofautisha kwa kusikia tu waya za Pear Anjou, zilizouzwa dola 7,250, na waya za kawaida. Pesa hizo hazikupata mwenyewe.

Lakini Hajji alikuwa na lalamiko la haki: mfumo wake ulikuwa ukinguruma, nguruma ile nzito isiyokoma, na alidhani ni waya. Nikachomoa kebo ya dishi kwenye dikoda ya televisheni. Kimya. Ule ni umeme wetu wa hezi 50 unaozunguka kwa sababu vifaa vimepata njia mbili za kwenda ardhini, moja kwenye plagi, nyingine kwenye dishi. Tulihamishia vifaa vyote kwenye soketi moja, ikapungua. Kifaa kidogo cha kutenganisha kwenye kebo ya dishi kikamaliza kabisa. Wapo wanaokata waya wa ardhi kwenye plagi ili kuua nguruma. Hao wanacheza na roho zao.

Sebule yenyewe ina vigae sakafuni na dirisha kubwa la kioo, sauti inagonga na kurudi. Zulia, pazia zito na spika kusogezwa mbali na ukuta vilibadilisha muziki kiasi kwamba hata bibi aliyekuwa jikoni alisikia tofauti. Hapakuhitajika sarafu.

Mwanawe sasa ameagizwa stabilaiza, kwa sababu umeme wa hapa unapanda na kushuka, na sindano mpya ya santuri, maana ya zamani ilikuwa inakwangua. Waya mmoja nao umo kwenye orodha, wa kutoka kwenye santuri kwenda kwenye amplifaya. Huo umeme wake ni mdogo sana, hudaka makelele kirahisi, na ukiwa mrefu unaweza kugusa sauti za juu. Nimemwandikia: mfupi, wenye kinga nzuri, wa bei ya kawaida.

Hajji ameongeza kwa mkono wake mwenyewe: "Usidanganywe na boksi."