Kumbe kulisha wanyama kunasomewa

Shangazi yangu wa Ifakara aliniuliza kwenye simu, "Yaani miaka mitatu unasomea kulisha wanyama? Mbona hapa nyumbani mbuzi tunalisha bila cheti?" Nilimjibu kwa haraka kwa sababu salio lilikuwa linakwisha, na jibu lile halikunitosha hata mwenyewe. Leo nina siku ya mapumziko, nje kuna theluji, nimwandikie vizuri yeye na wengine mlioniuliza.

Mimi ni mwanagenzi wa mwaka wa pili katika bustani ya wanyama huku Ujerumani. Wenyeji huita mafunzo haya Ausbildung. Unasaini mkataba na bustani yenyewe, unafanya kazi bandani, na kwa vipindi unakwenda chuo cha ufundi kukaa darasani. Kila mwezi unalipwa posho, na inapanda kidogo kila mwaka. Kazi yetu ina matawi matatu tangu 2003: wanaotunza wanyama wa bustani, wanaotunza wanyama wa maabara na kliniki, na wanaohudumia nyumba za wanyama waliotelekezwa au walioachwa hapo na wenyewe wakiwa safarini. Katikati ya mafunzo kuna mtihani, mwisho kuna mtihani mkubwa unaosimamiwa na Chemba ya Viwanda na Biashara. Kuna pia daftari ambalo lazima uandike ulichofanya na ulichojifunza, mkufunzi akalisaini. Bila daftari hilo huingii kwenye mtihani wa mwisho.

Basi, siku inaanzaje? Saa kumi na mbili na nusu, giza bado, nasimama mbele ya banda la twiga na kuhesabu. Siruhusiwi kugusa komeo lolote kabla sijawaona wote kwa macho yangu mwenyewe. Mwenzangu aliyefunga jana jioni ninamwamini, lakini nahesabu. Kisha naangalia: nani amelala, nani anacheua, nani amesimama pembeni peke yake. Halafu kinyesi. Shangazi, nisikilize hapa. Kinyesi cha twiga mzima wa afya ni vidonge vidogo vigumu, karibu kama vya mbuzi ila vikubwa zaidi. Siku ukikuta vimegandana kama mavi ya ng'ombe, huchukui reki ukasukuma torolini. Unasimama, unaita mtu, unaandika saa na mahali ulipokiona. Mwaka wangu wa kwanza nilisukuma toroli nyingi mno bila kutazama kilichomo, na mkufunzi wangu alikuwa akinirudisha: "Umeona nini?" Nilikuwa najibu, "Nimemaliza kusafisha." Akiuliza tena, "Umeona nini?"

Nilikuja huku na astashahada ya afya ya mifugo, nikidhani kwato nazijua. Kwetu ng'ombe akihitaji kukatwa kwato tunamwangusha kwa kamba, watu wanne wanamshika, dakika ishirini kazi imekwisha. Twiga huwezi. Teke lake linaweza kumuua simba. Kumpiga sindano ya usingizi nako ni hatari kubwa kwake: shingo ile ndefu, msukumo wa damu ulio juu, na chakula kinachoweza kurudi kutoka tumboni kikaingia kwenye mapafu. Kwa hiyo inabidi yeye mwenyewe akubali kukupa mguu.

Tulianza Oktoba na twiga jike mmoja kijana. Nilikuwa na fimbo yenye mpira mwekundu kwenye ncha, filimbi, na vipande vya mkate mkavu anaoupenda. Anagusa mpira kwa pua, napuliza filimbi, anapata mkate. Wiki tatu ni hilo tu. Kisha asimame ubavu kwenye uzio. Kisha anyanyue mguu wa mbele. Kisha auweke juu ya gogo. Mwezi wa Desemba alikuwa anaweka mguu na kuutoa papo hapo, na kila nilipotaka kuharakisha, ulikuwa unapita muda mrefu kabla hajakaribia uzio tena. Februari aliuweka mguu, akauacha, akawa anatafuna polepole huku mkufunzi akipiga tupa kwenye ukwato upande wa pili wa vyuma. Mimi nilikuwa nimeshika mkate kwa mikono inayotetemeka. Miezi mitano kwa ukwato mmoja! Sijawahi kufanya kazi iliyonipa furaha ya namna ile.

Machi nikahamishiwa chumba cha vyura. Wenzangu wengi walinionea huruma, maana kila mwanagenzi anataka tembo au chui. Mimi nilinyamaza. Nimezaliwa Mlimba, baba akiwa fundi wa reli ya TAZARA, na si mbali na kwetu kuna korongo la Kihansi. Mtanzania wa rika langu hakosi kusikia habari za vyura wa Kihansi, na mara nyingi alizisikia kama malalamiko: eti umeme wa nchi unagombaniwa na chura mdogo kuliko kidole gumba. Hata baba alikuwa akisema hivyo mezani.

Chura yule ni wa rangi ya dhahabu, hafiki sentimeta tatu, na jike hatagi mayai kama vyura wengi. Anazaa watoto waliokamilika. Aligunduliwa 1996, akiishi kwenye eneo dogo sana lililolowa manyunyu ya maporomoko, wala hakuonekana kwingine popote duniani. Bwawa la umeme lililojengwa hapo Kihansi lilipoanza kazi, maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 vyura takriban 500 walichukuliwa kwenda Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Korongoni yakawekwa mabomba ya kunyunyizia maji, vyura wakaongezeka kidogo, halafu 2003 wakaanguka ghafla, na kwenye waliokufa ikaonekana kuvu ile ya ngozi inayoua vyura sehemu nyingi duniani. Mwaka 2009 ilitangazwa rasmi kwamba porini hayupo tena. Waliobaki walikuwa mikononi mwa watunzaji, kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo huko Marekani.

Na watunzaji wale walifanya nini? Walifanya haya ninayofundishwa mimi sasa. Kufuga nyenje na inzi wa matunda kwa sababu mdomo wa chura mdogo haupokei zaidi ya hapo. Kuwapaka wadudu hao unga wa kalsiamu kabla ya kuwatoa. Kuchagua taa yenye mionzi inayofaa. Kuyapima maji kila siku, maana chura anakunywa kwa ngozi, na klorini ya bombani inamuumiza. Miaka ya mwanzo vyura wengi walikufa mikononi mwao, nao wakaendelea kuandika na kurekebisha. Agosti 2010 vyura 100 walirudi Tanzania kwa ndege, wakapokewa kwenye nyumba yao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Watanzania waliowapokea walikuwa wamekwenda kujifunza utunzaji huko huko Marekani. Kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Nikisoma habari hizo naona wazi kabisa mtu mwenye glavu, kopo la inzi na daftari.

Ndiyo maana kosa langu la Aprili liliniuma. Kila chumba cha vyura kina viatu vyake, na hapo mlangoni kuna karai la dawa ya kuua vijidudu. Siku hiyo nilichelewa, nikatoka karantini nikaingia chumba cha pili na viatu vile vile, hatua nne. Nilijikamata mwenyewe, nikasema. Vyumba vyote viwili vilifungwa, tukasugua mpaka jioni, na vyura wakachunguzwa ngozi kwa pamba kwa wiki kadhaa. Hawakuwa na kitu. Mkufunzi hakunifokea, aliniambia niandike daftarini jinsi ilivyotokea, hatua kwa hatua, na nikaandika kurasa mbili. Usiku ule nilifikiria korongo la kwetu.

Mnaouliza njia ya kuja: kwanza Kijerumani, na kizuri, kwa sababu mtihani hauna huruma na majina ya wanyama unayajua kwa Kijerumani na kwa Kilatini pia. Mimi nilianza na mwaka wa kujitolea ndipo bustani ikanipa mkataba. Nyumbani tuna Mweka tangu 1963 na Pasiansi kule Mwanza, vyuo vya kujivunia, lakini hivyo hufundisha hasa uhifadhi wa wanyama walio porini. Mnyama aliye mikononi mwako anahitaji ufundi mwingine. Ningependa sana uanagenzi wa namna hii uwepo kwetu, na nikimaliza nataka kubisha hodi pale Chuo Kikuu, kwenye ile nyumba ya vyura.

Kesho zamu yangu ni saa kumi na mbili na nusu. Kuna chura mmoja kwenye kizimba cha tatu hajala tangu Ijumaa. Nimeshamwandika.