Fensi ya mbwa: mwaka mzima nimehangaika na Hayawahusu

Naandika hii nikiwa na hasira kidogo, maana juzi kuna mdada kaniuliza anataka kufuga mbwa ajenge fensi gani, na kabla sijafungua mdomo fundi mmoja aliyekuwa pembeni akadakia, "weka ukuta futi 8, juu panda chupa, umemaliza." Chupa! Hivyohivyo ndo nilivyoambiwa mimi. Kila niliyemuuliza kipindi kile alikuwa anaongelea mwizi. Ukuta mrefu, chupa, waya wa wembe, fensi ya umeme kama una hela. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mbwa wenyewe wakoje, wakati mimi mwizi hajawahi kunisumbua, kilichonisumbua ni mbwa kutoka.

Nipo Kigamboni, upande wa Gezaulole, kiwanja cha 20 kwa 30, mchanga mtupu, ukimwaga ndoo nzima ya maji yanapotea kabla hujaiweka chini hiyo ndoo. Mbwa ninao wawili. Wa kwanza anaitwa Hayawahusu, jike, koko wa hapahapa, mwembamba, rangi ya chai ya maziwa. Jina alipewa na mdogo wangu kwa utani na nimelijutia, kwa sababu kila akitoroka inabidi nipite mtaani nikipaza sauti "Hayawahusu! Hayawahusu!" na kina mama wako barazani wanachambua mchele. Kuna mmoja mpaka leo nikimsalimia anaitikia kwa pua. Wa pili ni Jenerali, dume, nusu jemanishepadi nusu sijui nini, mkubwa kama ndama, radi ikipiga anajificha chini ya kitanda, ila kupanda anapanda kama paka.

Tulipohamia 2019 upande wa nyuma kulikuwa na ua wa minyaa. Minyaa ni bure, unakata tawi unachomeka linaota, na kwa macho inapendeza. Lakini chini iko wazi, mbwa anapita kama hakuna kitu, na ule utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni balaa. Jenerali alijipenyeza siku moja akarudi jicho limevimba halifunguki, daktari wa mifugo akasafisha, matone wiki nzima. Nikang'oa yote, na mliong'oa minyaa mnajua, vaa mikono mirefu na miwani, mimi sikuvaa.

Ndo nikaweka wavu. Wavu wa fensi ule wa kawaida, wa kuviringisha, pamoja na mirunda. Iligharimu kama milioni hivi, inaweza kuwa zaidi, maana fundi alikuwa anakuja kuchukua ya soda kila jioni na soda zake zilikuwa za elfu kumi kumi. Akaumaliza, akaupiga kofi, ukatetemeka vizuri, akasema "dada, hapa hapandi hata nyani." Nikapiga picha nikaweka status.

Siku ya tatu asubuhi natoka na sahani ya ugali na dagaa, uani kimya. Kwenye kona ya nyuma kuna shimo ukubwa wa beseni, wavu umeinuliwa chini kama pazia, na vinyweleo vya rangi ya chai ya maziwa vimening'inia kwenye waya. Nikafukia, nikaweka jiwe. Kesho yake kachimba hatua moja pembeni ya jiwe. Nikaweka jiwe lingine. Akahama tena. Yaani nilichokuwa nafanya ni kumwonyesha tu wapi pa kuchimba. Kufika mwezi wa pili mstari wote wa chini wa fensi yangu ya milioni ulikuwa na mawe, vipande vya tofali, ndoo mbovu, tairi la pikipiki na mlango wa friji la zamani. Mume wangu alipiga simu ya video kutoka Mtwara anakofanyia kazi akauliza nimeanza biashara ya skrepa lini.

Ushauri ukaja wa kila aina. Wafunge minyororo (mbwa wa kufungwa mchana kutwa anaweza kuwa mkali hata kwa mwenye nyumba, sikutaka). Zika vipande vya chupa (sasa wewe unataka kumchana miguu mbwa wangu?). Mwaga pilipili. Hii ya pilipili nilikubali. Nikanunua pilipili kichaa ya unga, nusu kilo, nikatembea nayo jioni kando ya fensi namwaga kwa mkono nikijiona mjanja kweli, nimesahau kwamba Kigamboni jioni kuna upepo na upepo unatoka baharini. Nilifika nusu ya fensi. Iliyobaki nilikuwa nimeinama bombani naosha macho huku nalia kwa sauti, na Hayawahusu amekaa upande upepo unakotoka ananiangalia. Akaenda akanusa, akapiga chafya mbili, akachimba.

Wakati nahangaika na huyo, Jenerali akawa anasoma. Vile vitundu vya wavu kucha zake zinaingia barabara, ni ngazi tayari. Alipanda, uzito wake ukaulemaza wavu ukainama kwa nje, akateremka taratibu kama abiria wa pantoni. Fundi akaja akasema tuongeze mirunda futi 2 juu. Kuangalia mirunda iliyopo, miwili imeliwa na mchwa, naushika unapukutika. Oili chafu aliyosema amepaka alipaka kuanzia juu ya ardhi, sehemu inayoonekana! Chini mchangani, anakokaa mchwa mwenyewe, hamna kitu. Na waya ulikuwa wa bei rahisi, chumvi ya bahari imeshaanza kuula, ukishika mkono unabaki na rangi ya kutu.

Sasa siku ya sufuria. Jirani yangu wa nyuma ni bibi mmoja mtu mzima, mwenyeji wa hukuhuku, ana heshima zake. Alikuwa amepika wali wa nazi, kautoa uani chini ya mwarobaini upoe kidogo. Mimi nasikia tu watoto wanaita "Mama Mbwa! Mama Mbwa!" (ndo jina langu mtaani), nakimbia, nakuta Hayawahusu kichwa chote kimezama kwenye sufuria, mkia unapunga. Nikamvuta. Nikasema shikamoo bibi. Akaitika marahaba. Hakufoka, na ndo kilichoniumiza. Wali akaumwaga. Akachukua sufuria mpaka bombani, akachota udongo akalisugua nao mara ya kwanza, akasuuza, halafu akaendelea na maji huku anahesabu kwa sauti, mbili... tatu... nne... mimi nimesimama nimeshika mbwa shingoni sijui niondoke au nibaki. Alipofika saba akalifudikiza juani ndo akanitazama. "Mwanangu, mnyama hana kosa. Mwenye mnyama ndo ana akili."

Jioni nikampelekea mchele kilo 5 na nazi. Akapokea. Usiku sikulala.

Na asubuhi yake ndo nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu miezi yote. Ule mlango wa friji. Mawe yote mbwa aliyakwepa kwa kuchimba pembeni, lakini kwenye mlango wa friji, ambao ulikuwa umeanguka ukalala chali upande wa ndani, chini ya fensi, hajawahi kuchimba hata siku moja. Kuna alama za kucha juu yake, anaparua, anaona hakuna mchanga, anaondoka. Kumbe mbwa akitaka kutoka anachimba palepale pua yake inapogusana na fensi. Hana habari ya kurudi nyuma hatua mbili aanzie mbali. Sasa kwa nini nihangaike kuzika waya kwenda chini futi 2 na mchanga huu wa kumeza watu, wakati naweza kuulaza?

Nikachukua mabaki ya wavu wa zamani, nikakata vipande vya upana wa kama mita 1, nikakunja kama herufi L. Upande mfupi nikausimamisha nikaufunga kwenye fensi kwa waya wa kufungia, upande mrefu, kama sentimita 60 au 70, nikaulaza chini kuingia NDANI ya uwanja, ndani kwenye mbwa, usije ukaulaza nje ukaja kunilaumu. Juu yake nikafukia mchanga kiganja kimoja, nikapanda ukoka. Ncha za waya zilizokatwa nikazikunja kwa plaizi moja moja, zisimchome. Siku tatu, mimi na kijana wa kunisaidia, mgongo ukakatika.

Usiku wa kwanza nilikaa gizani juu ya ndoo, nimejifunga khanga kichwani kwa ajili ya mbu, namsubiri. Saa tano akaja. Akanusa kona yake ileile, akaanza kwa mbwembwe, mchanga unaruka nyuma, mara nikasikia krrr. Kucha kwenye waya. Akasimama. Akainamisha kichwa upande mmoja. Akasogea kulia, akachimba, krrr. Kushoto, krrr. Aliizunguka fensi yote bwana, kona mpaka kona, krrr, krrr, na mimi kwenye ndoo nimeziba mdomo nisicheke. Mwisho akaja akakaa mbele yangu, alikuwa anajua nipo muda wote, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyekosa pantoni ya mwisho. Nikampa mkia wa samaki.

Fensi yenyewe niliibadilisha zamu yangu ya mchezo wa kupeana hela ilipofika. Kwa wanaouliza hesabu, tofali za simenti ni kama 10 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo ukuta wa mita 2 kuzunguka mita 100 ni tofali 2,000 na hapo hujagusa msingi, simenti wala fundi, sikuwa na hela hiyo na sidhani kama mbwa anaihitaji. Nilijenga tofali mpaka juu upande wa barabarani tu. Nyuma na pembeni ni kozi 4 (mistari minne) za tofali, juu yake wavu, safari hii ule wa kijani uliovikwa plastiki, na nguzo za zege. Kabla hujachimba msingi tafuta bikoni zako, yale mawe ya mpaka wa kiwanja, uzione kwa macho, usiamini kamba ya fundi.

Upande wa barabara ukuta uzibe kabisa. Kipindi cha wavu Jenerali alikuwa anaona kila bodaboda, anakimbia nayo kutoka kona hii mpaka ile, alichonga njia kwenye ukoka, na sauti yake ikaisha akawa anabweka kama mtu mwenye kikohozi. Nilijaribu kuzuia kwa mabati kwanza. Akanyamaza ndani ya wiki kwa sababu haoni miguu ya watu, ila upepo ukivuma mabati yanagonga usiku kucha, tukabadilishana, yeye analala mimi naamka.

Kosa la pili la fundi (huyu ni mwingine, wa kwanza nilimfukuza). Wavu juu ya tofali aliuweka ukingo wa nje. Maana yake kwa ndani kumebaki kibaraza cha inchi 4, Jenerali akaweka miguu ya nyuma hapo, siku hiyohiyo, fundi bado anaosha koleo. Wavu lazima ushuke usawa mmoja na uso wa ndani wa tofali. Tukafumua. Kwenye kona ya tanki, ambapo anapata pa kurukia, nilivuta waya mgumu juu ya wavu nikaupitisha kwenye mabomba ya plastiki ya inchi 3, yanazunguka yenyewe. Akidaka kwa miguu ya mbele bomba linabiringika, anashuka alikotoka. Alijaribu mara nne. Mara ya tano aliliangalia tu.

Matundu ya kupitisha maji ya mvua usisahau kuyaweka, ukuta wa jirani wa pili ulilala wote masika kwa sababu hakuweka hata moja. Ila tundu la tofali zima koko mwembamba anapita, amini, aliyepita ni Hayawahusu. Nilichomeka nondo mbili wima kila tundu. Chini ya geti nako kulikuwa na uwazi wa kupitisha kuku, nikamwaga kizingiti cha zege.

Juzi jioni bibi jirani kapiga hodi. Nikaamkia, moyo unadunda, nikageuka kuhesabu mbwa, wote wawili wapo. Kumbe kicheche anamchimbia banda la kuku, kasikia nina waya wa kulaza chini, anauliza uliobaki nauzaje. Nikampa bure na kesho yake nikaenda kumfungia mwenyewe. Lile sufuria nimeliona, siku hizi wali unapoea juu kabisa ya tanki la maji, na ngazi kaiondoa.