Siku moja katika chumba cha vitabu vya nukta nundu, Mtwara

Saa 1:15 asubuhi

Madirisha ya upande wa bahari hayafunguliwi kwanza. Asubuhi hewa ya Mtwara ina maji, na karatasi ya nukta nundu, maandishi ya Braille ambayo wasioona huyasoma kwa kupapasa, huyanywa usiku kucha. Karatasi iliyopata unyevu ukiitazama haina kasoro, ila nundu zake hutoka fupi, na zikipapaswa mara chache hulala kabisa. Kwa hiyo rimu zetu zinakaa ndani ya mifuko ya nailoni, juu ya mbao, mbali na ukuta, na hatuchapi chochote kabla ya saa nne jua likiwa limekausha chumba. Tunatumia karatasi nzito, ya gramu 120 hadi 160 kwa mita ya mraba. Ile ya fotokopi ya gramu 80 hutoboka pini ya printa inapogonga, na msomaji anapapasa tundu badala ya nundu.

Kwenye rafu, juzuu zote zinasimama wima. Hairuhusiwi kuzilaza moja juu ya nyingine hata kwa dakika kumi, maana uzito wa zile za juu huponda nundu za zile za chini. Wala hazishindiliwi: ukiona unahitaji nguvu kuchomoa juzuu, rafu hiyo imejaa kupita kiasi. Ninajaza maji kwenye beseni la mlangoni, naweka sabuni na taulo kavu. Kila anayeingia kusoma ananawa na kukausha mikono, nami pia.

Saa 1:40

Kurekodi vitabu vya sauti. Huu ndio muda pekee wa utulivu: bajaji hazijaanza kupiga honi barabarani na printa bado imezimwa. Simu inawekwa juu ya kitambaa kilichokunjwa, kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo, ili pumzi ya herufi "p" na "b" isigonge maiki. Simu iwe kwenye hali ya ndege. Siku za mvua haturekodi hata kidogo. Bati halina huruma.

Msomaji wa sauti anaanza na jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji na mwaka, kisha sura. Anataja kila ukurasa unapoanza. Picha ikiwepo anaieleza kwa sentensi mbili au tatu: nini kipo, kiko wapi, kinaonyesha nini kuhusu somo. Haongezi maoni yake na haruki majedwali. Akikosea, anapiga kofi moja na kurudia sentensi nzima. Kofi huacha mwiba mrefu kwenye mchoro wa sauti, na wakati wa kuhariri unaliona bila kusikiliza saa nzima.

Tunahifadhi kwa kilobiti 64 kwa sekunde, sauti ya mono. Saa moja inakula takriban megabaiti 29, na kwa usomaji wa mtu mmoja hiyo inatosha. Kadi ya gigabaiti 8 inabeba zaidi ya saa 250.

Saa 3:00

Ramani ya kupapasa inabandikwa sasa, kwa sababu gundi nyeupe ya mbao inachukua saa kadhaa kukauka kwenye joto hili lenye unyevu, na mzigo unaondoka jioni. Leo ni ramani ya kusini mwa Tanzania kwa mwanafunzi wa darasa la sita huko Masasi. Pwani ni kamba nene ya katani. Mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, ni uzi mwembamba uliosokotwa. Mto Lukuledi ni uzi huohuo, unaishia kwenye ghuba ya Lindi. Uwanda wa juu wa Makonde ni kipande cha msasa laini. Miji ni shanga: Mtwara, Lindi, Masasi, Newala.

Hapo ndipo tunasimama. Anayeona hutamani kuweka kila kitu, barabara, mipaka ya wilaya, misitu, na matokeo yake ni ubao wenye vurugu ambao kidole hakiwezi kuutofautisha. Mistari miwili inahitaji angalau nusu sentimita kati yake. Majina kamili hayakai kwenye ramani. Tunaweka herufi mbili, "mt", "li", "ms", na ufunguo wake kwenye ukurasa wa pili. Kila ramani ina alama moja kwenye kona ya juu kulia, ili mwanafunzi ajue hajaishika kichwa chini.

Saa 3:30

Hapa ndipo siku inapoamuliwa. Watu hudhani kazi kubwa ni ya printa. Printa inafanya inachoambiwa. Kinachochelewesha kitabu ni faili lililokuja nacho.

Taasisi ya Elimu Tanzania huchapa vitabu vya kiada kwa nukta nundu na kwa maandishi makubwa. Sisi tunashughulikia yale yanayobaki: muhtasari wa mwalimu, mazoezi, kitabu cha ziada, tangazo la kijiji. Tanzania ilijiunga mwaka 2020 na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao lengo lake ni kuwezesha nakala za namna hii zitengenezwe na zivuke mipaka kati ya nchi wanachama bila kukwama kwenye hakimiliki. Lakini mkataba haukuandikii upya ukurasa uliopigwa picha kwa simu kwenye kivuli.

Muhtasari wa leo wa jiografia una kurasa 22, umetumwa kama picha. Programu ya kutambua maandishi imefanya kazi yake, na sasa nasoma kila mstari kwa sababu najua inapokosea: "l" inakuwa "1", "ng'ombe" inapoteza kistari chake cha juu na kuwa "ngombe", neno lililokatwa mwishoni mwa mstari linabaki vipande viwili, na namba ya ukurasa inaingia katikati ya sentensi. Namba hizo hazifutwi, zinahamishiwa mahali pake. Mwalimu akisema "fungueni ukurasa wa 12", mtoto asiyeona lazima aupate ukurasa wa 12 wa wenzake, hata kama kwenye nukta nundu uko wa 31. Kumnyima hilo ni kumtoa darasani akiwa amekaa kwenye dawati.

Kisha vichwa vya habari vinawekewa mtindo wa vichwa vya habari, si kukolezwa wino tu. Rangi na wino mzito havipiti kwenye nundu. "Angalia maneno mekundu" inabadilishwa. Jedwali la safu tano haliingii kwenye mstari wa herufi 40, kwa hiyo linavunjwa kuwa orodha: mji, kisha mvua yake, kisha joto lake.

Mwisho nakagua lugha kwenye programu ya kugeuza maandishi kuwa nukta nundu. Jana ilitumika kwa kazi ya sekondari, yaani Kiingereza chenye mikato, alama moja inayosimama badala ya herufi kadhaa. Ukiisahau hivyo, neno "andika" linatoka likianza na alama moja ya mkato badala ya herufi tatu "a", "n", "d", na "shamba" linaanza na mkato wa "sh". Kwenye kioo hakuna kinachoonekana vibaya. Mtoto wa darasa la sita ambaye hajafundishwa mikato ya Kiingereza anakwama mstari wa kwanza, na watu wazima wanasema ni mzito wa kusoma.

Saa 5:00

Printa inaunguruma, mazungumzo yanahamia barazani. Ukurasa wetu ni mistari 25 ya herufi 40, nafasi 1,000, kwa hiyo kila ukurasa wa wino unazaa mbili na nusu hadi tatu. Kurasa 22 zimekuwa 60. Zikichapwa pande mbili ni karatasi 30. Tunachapa karatasi mbili kwanza, tunapapasa, ndipo tunaachia zote. Leo umeme umekatika kwenye ukurasa wa 41. Betri ya akiba inatoa dakika chache za kumalizia ukurasa na kuzima vizuri. Bila hiyo karatasi hubaki imeng'atwa ndani na kuitoa kwa nguvu kunapinda pini.

Umeme ukichelewa, mashine ya Perkins, ya kuandikia nukta nundu kwa mkono, haiuhitaji. Ina vitufe sita, kimoja kwa kila nukta kati ya sita zinazounda herufi, na kitufe cha nafasi katikati. Kushoto kwa nafasi ni nukta ya 1, 2 na 3 kuelekea nje. Kulia ni 4, 5 na 6. Kuweka karatasi: zungusha vifundo kwenda mbele, mbali nawe, mpaka vigome, vuta vishikizo viwili vya karatasi kuja kwako, ingiza karatasi ukiibana ukingo wa kushoto, rudisha vishikizo, zungusha vifundo kuja kwako mpaka vigome tena, bonyeza kitufe cha mstari ili karatasi ikae. Wengi husahau kurudisha vishikizo, karatasi inaingia upande na mistari inapanda kilima. Mashine ikiwa nzito vidoleni, sababu karibu kila mara ni vumbi lililochanganyika na mafuta yaliyoganda. Brashi laini kila wiki, kifuniko kila jioni. Mafuta ya kula yasiiguse kamwe.

Saa 6:20 mchana

Umeme umerudi, kurasa zimetoka. Zinakwenda kwa msahihishaji wetu, mwalimu mstaafu asiyeona. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, zilete." Anasoma kwa mikono miwili: wa kulia unamaliza mstari huku wa kushoto umeshashuka kutafuta unaofuata. Hasomi haraka leo, anasaka. Ukurasa wa 18 anausimamisha: "Nukta ya tatu imelala kuanzia hapa mpaka chini." Pini moja imechoka. Macho yangu hayakuiona hata nilipoinamisha karatasi kwenye mwanga. Bila nukta ya 3, "k" inasomeka "a" na "l" inasomeka "b". "Kula" inageuka kitu kisichosomeka kabisa. Tunasafisha kichwa cha printa na kurudia karatasi nne.

Hakuna juzuu inayotoka chumbani humu bila kupita kwenye vidole vyake. Sehemu nyingi huokoa muda kwa kuruka hatua hii, na naiona kama dharau kwa msomaji. Hakuna mtu angechapa kitabu cha wino bila mtu mmoja mwenye macho kukitazama.

Saa 8:00

Wasomaji. Nampokea kila mmoja mlangoni kwa kumpa kiwiko changu akishike, siyo kumvuta mkono, na namwambia kilicho mbele: ngazi moja, meza kushoto.

Bibi mmoja amekuja kurudisha juzuu ambayo hajaisoma. "Mwanangu, korosho zimenila vidole." Ni msimu, na nyumbani kwake wanabangua. Utomvu wa ganda la korosho unaunguza ngozi. Ncha za vidole zimekuwa nyeusi na ngumu, na hazihisi nundu. Kujipaka majivu au mafuta kabla ya kubangua hupunguza, hakuzuii. Hapigiwi hesabu ya siku za kuchelewesha. Tunambadilishia kitabu cha sauti mpaka ngozi ipone, wiki chache hivi, na anabaki kuwa msomaji.

Anatumia redio ndogo ya memori kadi. Redio hizi nyingi hazifuati majina ya mafaili, zinapiga kwa mpangilio yalivyonakiliwa. Ukinakili sura zote kwa mkupuo, sura ya saba inaweza kuja kabla ya pili. Dawa: futa kadi, nakili faili moja moja kuanzia la kwanza, na mwanzoni mwa kila faili msomaji awe ametaja sura.

Kijana mwenye simu ya Android anataka kusikiliza gazeti. Anabonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja sekunde tatu, TalkBack, programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye kioo, inawaka, kama njia hiyo ya mkato imeruhusiwa kwenye mipangilio. Kugusa mara moja ni kusikia, mara mbili haraka ni kufungua, kusogeza ukurasa ni vidole viwili. Sauti iwekwe Kiswahili, la sivyo anasikia Kiswahili kikisomwa kwa ulimi wa Kiingereza. Na PDF iliyopigwa skani haisomeki: kwa simu hiyo ni picha tu.

Mtoto mwenye ualbino anakaa akiwa ameligeuzia dirisha mgongo, si kulitazama. Kitabu kinawekwa kwenye kishikio kilichoinama ili asikunje shingo. Maandishi ya ukubwa wa pointi 18 au zaidi, yasiyo na vikia, kwenye karatasi isiyong'aa. Kukuza ukurasa mzima mpaka A3 kwa fotokopi ni njia ya mkato inayomchosha: anazungusha kichwa kizima kufuata mstari mmoja.

Binti anayejifunza sleti, kibao cha kuandikia nukta nundu kwa kalamu butu, anachanganya "h" na "j". Kwenye sleti unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kutoboa nyuma ya karatasi, na herufi zinazogeuzana ndizo zinazosumbua: "e" na "i", "d" na "f", "h" na "j", "r" na "w". Tunamfundisha kutaja namba za nukta kwa sauti, "moja, mbili, tano", na kuita safu anayoanza nayo "moja" badala ya "kushoto".

Saa 9:45 alasiri

Ramani imekauka, nazivuta shanga kwa kucha kuhakikisha hazitoki. Karatasi 30 zinatobolewa na kutiwa pete za plastiki, ili zilale wazi mezani bila kushikiliwa. Jina la kitabu linaandikwa kwa wino na kwa nukta nundu: mwalimu wake anaona, mwenyewe anapapasa.

Kufungasha: kadibodi ngumu pande zote mbili, gazeti lililofinyangwa kwenye kona, boksi linalozidi kitabu kwa vidole viwili kila upande. Kamba inazunguka boksi, haizunguki kitabu. Nje tunaandika kwa herufi kubwa USIWEKE KITU JUU.

Saa 10:30 jioni

Stendi. Masasi ni kama kilomita 200, na mzigo ukiingia kwenye buti chini ya magunia ya korosho, hata kadibodi haisaidii. Tunaomba uwekwe ndani, nyuma ya kiti cha dereva, tunachukua risiti, na namba ya gari inatumwa kwa mwalimu papo hapo.

Saa 11:15 jioni

Juzuu zilizorudi zinapapaswa ukurasa kwa ukurasa. Nundu chache zilizolala huinuliwa kwa nyuma kwa kalamu butu ya sleti. Zikiwa zaidi ya mistari miwili, ukurasa unachapwa upya, kwa hiyo mafaili yote yanahifadhiwa mahali pawili. Rimu zinarudi kwenye nailoni, Perkins zinafunikwa. Kwenye daftari la kesho kuna pini ya nukta ya 3 ya kubadilisha, na mazoezi ya hesabu ya shule ya Newala, ambayo yana sehemu na michoro ya pembe. Hayo yaanze saa 1:40, kurekodi kusubiri.