Fumbua Kinywa Chako

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii Mithali 31:8 imenikalia moyoni hata usingizi umekuwa wa shida: "Fumbua kinywa chako kwa ajili yake aliye bubu." Kazini kuna mwenzetu amesingiziwa, nami natakiwa niseme nilichokiona. Naogopa. Nina watoto, nina kodi ya nyumba. Nikiwa katika maombi nikawakumbuka wale wanafunzi wa Munich.

Ilikuwa Ujerumani ya Hitler, 1942, vita vimepamba moto. Hans Scholl, Alexander Schmorell, Willi Graf na Christoph Probst walikuwa wakisomea udaktari. Sophie, mdogo wake Hans, akajiunga nao. Wanajulikana kama Waridi Jeupe. Walichapa vipeperushi usiku, wakataja waziwazi mauaji ya Wayahudi huko Poland, wakati wakristo wengi wamefumba vinywa. Stempu za kuvituma walinunua kidogo kidogo, posta hii na posta ile, wasije wakashukiwa. Tarehe 18 Februari 1943 Hans na Sophie walikamatwa chuoni. Tarehe 22 walihukumiwa, na siku hiyohiyo wakakatwa vichwa pamoja na Christoph, baba wa watoto watatu. Sophie alikuwa na miaka 21. Wenzao waliuawa baadaye mwaka huohuo, pamoja na mwalimu wao, Profesa Kurt Huber.

Lakini aliyenishika mimi ni mama yao Hans na Sophie, Magdalene, aliyekuwa diakonisa wa Kilutheri kabla ya kuolewa. Waliruhusiwa kuonana gerezani Stadelheim, zimebaki saa chache. Alikuwa amewabebea vitu vitamu. Hans hakuvitaka, Sophie akavipokea kwa furaha, akasema hata chakula cha mchana hajala. Mama akamkumbusha Yesu. Sophie akajibu: ndiyo, lakini na wewe pia.

Wazazi wenzangu, tujiulize. Watoto wetu tunawakaririsha habari za Danieli, za Shadraka, Meshaki na Abednego, na wakikariri vizuri tunawapigia makofi kanisani. Siku kijana akirudi kutoka chuoni akasema ameona mtu anadhulumiwa, tunamwambia, "Mwanangu, yasiyokuhusu achana nayo, kilichokupeleka ni masomo." Woga wetu tumeubatiza, tukauita busara! Kisha tunashangaa vijana wakilikimbia kanisa. Watabakije, ikiwa tanuru la moto ni la kuimbia kwaya tu? Magdalene hakumwambia bintiye ajutie aliyoyafanya. Alimtajia Yesu, basi.

Wewe mzee wa kanisa, wewe mama wa jumuiya: kijana akikujia na jambo linalomchoma, usianze na "nyamaza". Kaa naye, msikilize mpaka amalize. Fungueni pamoja Zaburi ya 90, ile mchungaji wa gereza aliyosoma na Hans siku ya kufa kwake. Mwekee mikono, mwombee, kisha mwache aende akaseme.