Kumbukumbu ya mradi: noti ya "dhahabu" ya trilioni 100 imesema ukweli

Imekubali! Saa nne na robo usiku huu, baada ya wiki tatu za kukwama, utando wa njano wa ile noti ya Zimbabwe ya trilioni 100, inayodaiwa kuwa ya dhahabu, umebanduka na kuelea juu ya maji ya kostiki (ile soda kali ya kutengenezea sabuni), vijipande vidogo vya mraba kama karatasi ya peremende. Chini ya glasi plastiki imebaki angavu, naona kidole changu upande wa pili. Nimemwamsha mume wangu aje ashuhudie.

Mnaofuatilia mradi huu mnajua zilikotoka noti hizi. Ni albamu ya marehemu mjomba, dereva wa malori ya masafa, Dar hadi Harare kupitia Tunduma na Lusaka kwa miaka mingi. Nauza zile za ukumbusho na za mfumuko wa bei ili nipate noti ya shilingi 100 ya mwaka 1966, toleo la kwanza la Benki Kuu yetu, ambayo naitamani tangu nianze kukusanya. Sitaki kuuza kitu nisichokijua. Nimeshawahi kuuziwa hivyo mimi mwenyewe, na uchungu wake bado ninao.

Nyingine hazikunisumbua. Ile ya dola milioni moja ya Marekani ni karatasi ya kuchezea, kwa sababu serikali ya Marekani haijawahi kutoa noti hiyo. Kubwa kuliko zote walizochapa ni dola 100,000 ya mwaka 1934 yenye sura ya Woodrow Wilson, nayo ilizunguka kati ya benki zao za hifadhi tu, raia hakuigusa. Yuro 0 nayo ni ukumbusho halali wa watalii, ilianzia Ufaransa mwaka 2015. Huuzwa yuro mbili tatu pale kwenye kivutio, na kwa nyingi thamani hubaki hapohapo.

Trilioni 100 ya Zimbabwe ya karatasi nayo nilishaimaliza wiki ya kwanza. Mawe ya Chiremba mbele, nyati na maporomoko ya Victoria nyuma, saini ya Gono, gavana wa Benki Kuu ya Zimbabwe wakati ule, herufi AA kabla ya namba. Ukiiinamisha kwenye mwanga, ndege wa Zimbabwe anageuka kutoka rangi ya dhahabu kwenda kijani. Ni halisi, safi, haijakunjwa. Imeandikwa 2008 ila ilitoka Januari 2009, na mwezi uliofuata serikali ikafuta sifuri 12 kwenye fedha yake. Mwaka 2015 walipoiondoa rasmi, dola moja ya Marekani ilihesabiwa sawa na dola za Zimbabwe kwadrilioni 35 (35 na sifuri 15), kwa hiyo noti hii nzima kama fedha ilikuwa chini ya nusu senti. Thamani yake leo ni ya wakusanyaji peke yao, na bei yake nimeitoa kwenye mauzo yaliyokwisha kufanyika. Matangazo siyahesabu. Mtu anaweza kuomba mamilioni, tangazo likakaa mwaka mzima bila mnunuzi.

Sasa hizi za dhahabu.

Ziko tatu, kila moja na cheti chenye muhuri wa kung'aa kinachosema karati 24, asilimia 99.9. Picha ni ileile ya trilioni 100. Kaka mmoja wa Morogoro aliona picha zangu akaniahidi laki moja na nusu kwa moja, akisema hata noti ikikosa maana, dhahabu ipo. Nilimwomba anisubiri, naye kwa uungwana wake akasubiri.

Nilianza na mizani. Noti ya karatasi ilikuwa gramu 1.0, ya dhahabu gramu 1.5. Maikromita ikanipa unene wa milimita 0.10. Eneo la noti ni sentimita za mraba kama 110, basi ujazo ni sentimita 1.1 za ujazo. Ingekuwa dhahabu tupu ingekuwa na gramu 21. Gramu 1.5 kwa ujazo ule ni uzito wa plastiki, hakuna mjadala.

Lakini hilo halikunitosha, maana cheti kinaweza kuwa kinasema juu ya ngozi ya nje tu. Jani la dhahabu linalofuliwa na mafundi lina unene wa kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Nikapiga hesabu: upande mmoja wa noti ukifunikwa kwa jani kama hilo, ni gramu 0.02 hivi. Ni kidogo, ila si sifuri, na mizani yangu haiwezi kuitenganisha na plastiki iliyo chini yake. Nililala na swali hili siku kadhaa. Ipo au haipo?

Nikaenda Kariakoo kwa sonara ninayemwamini, mzee aliyenitengenezea pete ya ndoa. "Shikamoo, mzee." "Marahaba mwanangu, umeniletea nini leo?" Akaisugua kwenye jiwe lake la kupimia dhahabu, jiwe halikushika alama yoyote. Akadondosha tone la asidi ya nitriki juu ya noti, tukasubiri. Hakuna povu, hakuna ukijani, njano iko palepale. Akaitazama kwa muda mrefu. "Shaba ingekuwa imeshalia," akasema. "Asidi haijaila. Lakini jiwe nalo linakataa. Mimi hii sitaitolea neno."

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa kuliko nilivyotoka. Kwa siku nne nilikuwa nusu naamini kwamba ni dhahabu. Nusura nimpigie kaka wa Morogoro.

Kilichonikwamua ni sufuria. Nilikuwa naosha sufuria ya alumini nikakumbuka kemia ya sekondari: nitriki kali haiiwezi alumini, kwa sababu alumini hujijengea ngozi ngumu inayoilinda. Kwa hiyo kipimo cha sonara, ambacho ni kizuri sana kwa shaba na fedha, hapa kilikuwa hakina cha kusema. Ila kostiki inaila alumini haraka, na dhahabu haiigusi kabisa. Jirani yangu anatengeneza sabuni. "Dada, nigawie kostiki vijiko viwili." Akanigawia, akaniazima na glavu zake, akanisisitiza nitie kostiki kwenye maji na nisithubutu kumwaga maji juu ya kostiki.

Jaribio la kwanza lilishindwa. Nilikata kipande cha sentimita mbili, nikakitumbukiza, nikaacha usiku kucha. Asubuhi kiko vilevile, kinang'aa. Kipande cha foili ya alumini ya jikoni kwenye glasi ya pili kilikuwa kimekwisha kwa povu, kwa hiyo kostiki ilikuwa na nguvu. Nilikasirika, nikakiweka kando siku mbili nzima. Nilipokitazama tena kwa lenzi ndipo nikaona: kwenye ukingo niliokata kwa mkasi, mstari mwembamba kama uzi umekuwa angavu. Kostiki ilikuwa imeingia pale tu. Juu na chini noti imefunikwa, hakuna kimiminika kinachopita. Ndiyo maana hata tone la sonara halikufika popote!

Leo jioni nimekwangua kipande kipya kwa sindano, mistari ya kukatiza kama daftari la hesabu. Glasi nne. Ya kwanza kipande kilichokwanguliwa kwenye kostiki, ya pili kingine kama hicho kwenye maji matupu, ya tatu foili, ya nne hereni yangu ya dhahabu iliyovunjika. Saa moja baadaye ile mistari ilikuwa imepanuka. Saa nne na robo viraba vikaanza kubanduka. Mng'ao wote umeondoka, na ile njano iliyobaki ni vanishi angavu tu. Kipande cha kwenye maji matupu bado kinang'aa, hereni haijabadilika hata kidogo. Alumini iliyopakwa vanishi ya njano, basi.

Neno kuhusu vifaa, kwa kuwa mmeniuliza. Lenzi ya sonara ya mara 10 imenisaidia kuliko hadubini ya kuchomeka kwenye kompyuta, ambayo inakuza sana mpaka unapoteza ulipo. Tochi ya UV, ya kukagua karatasi ya noti, nunueni ya nanomita 365. Nilikuwa na ya 395, inamwaga zambarau kila mahali na ukadhani kila karatasi inawaka. Maikromita ya mtumba nimeinunua kwa fundi wa pikipiki, na kwa mradi huu naiweka juu ya vyote. Kupeleka noti Marekani ikapimwe na kupewe daraja la ubora sijafanya. Gharama ya upimaji na ya kutuma kutoka hapa inaimeza faida ya noti moja ya kawaida.

Nimemwandikia kaka wa Morogoro ukweli wote na picha za glasi. Amejibu muda huu huu: anaichukua kwa elfu tano, kama pambo la ukutani, na amenishukuru. Nimemwambia nitaiandika nyuma ya fremu kwamba ni alumini, asije mtu mwingine akauziwa dhahabu.

Kesho nilipanga kupiga picha zote na kuweka bei. Haitawezekana. Nilipokuwa narudisha noti kwenye albamu, macho yameangukia trilioni 10, ile yenye magofu ya Zimbabwe Kuu nyuma. Namba yake haianzi na AA. Inaanza na ZA. Hiyo ni noti mbadala, iliyochapwa kuziba nafasi ya iliyoharibika mtamboni, nami nimeipita mara tatu bila kuiona kwa sababu nilikuwa nakodolea macho dhahabu! Ndege wake nimeshamwona kwenye mwanga, yupo. Mume wangu amerudi kulala. Mimi nimetoa noti zote za Zimbabwe kwenye mifuko yake, ziko mezani, naanza kusoma herufi moja baada ya nyingine.