Nilipoishiwa hata maneno ya kusali

Tangu mama apate kiharusi, sala zangu zimekuwa fupi mno. Nikishamgeuza ubavu, nikampaka mafuta mgongoni asipate vidonda, nikamnywesha uji kijiko kwa kijiko, nabaki na "Ee Bwana" tu, usingizi unanibeba. (Na ninyi mnaoniambia "ongeza imani, dada", njooni mnisaidie kufua mashuka.)

Juzi usiku nikafungua 1 Wafalme 19. Eliya, yuleyule aliyeomba moto ukashuka Karmeli, kachoka kabisa, yuko jangwani chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimtumia malaika, mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Maswali yalikuja baadaye, kule mlima Horebu.

Nilishusha pumzi jamani. Kumbe Mungu ananishika, na si kwa sababu nasali vizuri.

Jana akina mama wa jumuiya walikuja, mmoja akakaa na mama hadi jioni, mimi nikalala fofofo. Leo mama kashika kikombe kwa ule mkono uliolegea, chai nusu imemwagika kwenye kanga, tumecheka sote. Alhamisi tunarudi kwenye mazoezi ya viungo.